Mwaka Nilipomteka Somoe

Mzee Selemani alipofariki kule Chilangala, mtu wa kwanza kupigiwa simu nje ya ukoo wake nilikuwa mimi. Sikushangaa. Sisi Wayao wa Masasi na Wamakonde wa Newala ni watani, na msiba usio na mtani wa kumsema marehemu ni kama mboga isiyotiwa chumvi. Lakini hawakunipigia kwa utani tu. Mimi najulikana kule juu. Ukishuka stendi ya Newala ukamuuliza mama yeyote wa Chilangala habari za yule dada wa damu, atakuonyesha barabara ya kuteremkia Masasi, atakwambia maabara yake ina kibao cha bluu, na kwamba ukutani ametundika stashahada ndani ya fremu ya kioo. Ni kweli nimeitundika. Nimeitundika mahali ambapo mgonjwa akikunja mkono kutolewa damu, anaisoma yeye, naye akishaisoma hatetemeki tena. Wengi niliosoma nao bado wanapanga vyumba Dar es Salaam. Mimi nimerudi kwetu na hadubini yangu mwenyewe, na sioni kwa nini nilisemee chini jambo hilo. Hata hivyo, yote ninayojivunia, kazi, jina, hata kibao, kwangu yanaanzia mwaka mmoja tu, mwaka ambao Mzee Selemani na mimi tulimgombania mtoto.

Mwaka huo nilikuwa kijana, mwajiriwa mpya katika maabara ya damu ya hospitali moja kubwa ya Dar. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja lililotazama jiko la hospitali, kwa hiyo asubuhi nzima harufu ya spiriti na rangi ilichanganyika na ya vitunguu vinavyokaangwa. Kazi yangu ilikuwa kupaka uboho kwenye vipande vya kioo, kuupaka rangi, kuuacha ukauke, kisha kuuangalia. Uboho ni ile nyama laini iliyo ndani ya mfupa, ndiyo kiwanda cha damu. Nilikuwa na macho makali, na nasema hivi kwa sababu wakubwa wangu nao walikuwa wakisema: wakibishana juu ya slaidi, mmoja angenyanyua kichwa na kusema, mwiteni yule Myao. Siku hiyo waliponiita, niliona chembe changa zimejazana, kubwa, za zambarau, zimesukuma kila kitu pembeni kama watu waliovamia shughuli wasiyoalikwa. Saratani ya damu. Kwenye lebo kulikuwa na jina, Somoe, na neno Newala. Nilivua glovu nikaenda wodini, jambo ambalo halikuwa kazi yangu, kuwaangalia watani zangu.

Niliwakuta wamekaa kwenye mkeka kati ya vitanda viwili: mama wa mtoto, ambaye kwa desturi tulimwita Mama Somoe, mumewe, na kaka yake Mama Somoe, ambaye ndiye Mzee Selemani. Somoe mwenyewe alikuwa binti mdogo ambaye bado hajaanza shule, mweupe viganjani kwa kukosa damu, ameshika korosho mkononi bila kuila. Muuguzi aliingia akauliza, "Baba wa mtoto ni nani?" Mume akasema, "Ni mimi, lakini mwenye mtoto ni yule," akamnyooshea kidole shemeji yake. Muuguzi, ambaye alitoka Kaskazini, akadhani anachezewa. Nikamwambia pembeni kwamba huko kwetu Kusini mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mjomba ndilo linalofunga. Kisha nikawageukia wale wa mkekani. "Shikamooni. Nimesikia kuna Wamakonde wamekuja mjini, nikaja kuangalia kama wameoga." Mzee Selemani alinitazama kwa makini tangu kichwani mpaka viatuni. "Marahaba. Wewe Myao, na koti jeupe umeliiba kwa nani?" Mama Somoe akacheka. Baadaye aliniambia kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu washuke basi.

Kuanzia hapo jioni zangu nyingi ziliishia kwenye mkeka ule. Dawa moja ya mwanzo ilimtia Somoe njaa ya ajabu. Alitaka ugali wa muhogo asubuhi, mchana na jioni, na jiko la hospitali halikujua ugali wa muhogo ni kitu gani. Nilipanga chumba Mbagala, chumba chenye kitanda, jiko la mafuta ya taa na pazia linaloficha ndoo. Nikawa nasonga huko, na kisamvu cha nazi, nafunga kwenye bakuli na kanga, napanda nalo daladala. Mtoto alikula huku anaunguruma kama paka. Mashavu yakavimba yakawa mviringo. Akina mama wengine wa wodini walikuwa wakiuliza, "Huyu wa Newala anapewa nini?" na Mama Somoe anajibu, "Anapewa Myao." Mazungumzo niliyoyasikia kwenye korido ile bado yako nami: mama mmoja akimwuliza mwenzake kama nywele zikiota tena huwa za rangi ileile, mwingine akisema mwanawe kamwambia akipona anataka kuwa sindano, siyo daktari, sindano yenyewe. Kwa Somoe jambo gumu lilikuwa sindano ya uti wa mgongo. Mjomba wake ndiye aliyemshika, kila mara, amemkunja kifuani pake kama jongoo. Mtoto alikuwa analia na kumwita yeye, anamwomba amwokoe, na ni yeye ndiye aliyekuwa amemshika. Nilimwona akitoka nje baada ya hapo, anaegemea ukuta, kofia ameishika mkononi.

Tulikuwa tumetuma sampuli ya uboho wake maabara ya nje, na majibu yalirudi na picha. Daktari, kijana mwenye moyo mzuri, aliwaita kwenye kile chumba kidogo chenye viti vya plastiki, akaniomba nikae nao. Akaweka picha mezani. Zilikuwa kromosomu za Somoe, zimepangwa jozi jozi. Kila chembe ya mwili, akaeleza, ina kromosomu arobaini na sita, nusu za mama na nusu za baba, na ndani yake ndiko yaliko maelekezo yote ya mwili. Chembe za ugonjwa wa Somoe zilikuwa na zaidi ya hamsini. Mzee Selemani aliinama akaitazama picha muda mrefu. "Kama ndala mlangoni pa msikiti," akasema. Daktari akafurahi, akasema naam, hasa hivyo. "Na hizi zilizozidi ni za nani?" Daktari akasema si za mtu, zimezidi tu, tena katika ugonjwa huu kuzidi kwa namna hiyo ni dalili nzuri, watoto wa aina hii dawa huwakubali. "Zimeingia lini?" Daktari akasema ukweli unaojulikana: kwa watoto wengi mabadiliko ya namna hii huanza kabla hawajazaliwa, tumboni mwa mama, katika chembe moja tu ya uboho. Mzee Selemani akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akilitafuta. Nilifurahi. Nilidhani tumeelewana.

Kumbe kila mmoja alitoka na maelezo yake. Somoe alipewa jina la bibi yake, mama wa Mama Somoe na wa Mzee Selemani, aliyefariki wakati mimba ile ikiwa changa. Kwetu sote Kusini jina la marehemu halipotei, linarudi kwa mtoto, na mtoto akisumbuliwa sana watu huuliza kwanza habari ya jina. Sasa Mzee Selemani alikuwa ameonyeshwa kwa picha, na daktari mwenye miwani, kwamba ndani ya mjukuu wa bibi kuna vitu vimezidi, na viliingia tumboni. Ndala zikizidi mlangoni, ndani kuna mgeni. Kwake hesabu ilifungana: mama yake hajatulia, amekuja na mali zake zote kukaa ndani ya mtoto, na mtoto hana nafasi ya watu wawili. Sijawahi kumcheka kwa hilo. Alifikiri vizuri kuliko wengi. Kosa lilikuwa mahali alipoanzia.

Uboho wa kipimo kilichofuata niliupaka mimi mwenyewe. Nilizunguka slaidi nzima kona kwa kona, na sikuona hata chembe moja ya ugonjwa. Nilikimbia korido na koti linapepea, nikawaambia watani zangu kwamba huu ni mwanzo, kwamba matibabu yataendelea zaidi ya miaka miwili, lakini mwanzo ni mzuri. Walipewa ruhusa fupi kwenda nyumbani, na tarehe ya kurudi. Tarehe ilifika, hawakuja. Kisha simu ya Mama Somoe, sauti ya chini, kuku wanasikika nyuma yake. "Mtani, Mjomba amemaliza. Wamembadilisha jina, sasa anaitwa Zainabu. Wamesema bibi ameshatoka, mtoto amenenepa, hakuna haja ya kumchoma tena." Nikamwuliza, "Na wewe unasemaje?" Akajibu, "Mimi nitasemaje, mtani? Ni kaka yangu. Na mtoto kweli amenenepa." Nilijua alichokuwa hakijui, kwamba yale mashavu yalikuwa ya dawa, na kwamba ugonjwa ule ukiachwa nusu hurudi, na ukirudi huwa mkaidi. Niliomba likizo. Nikapanda basi la Kusini.

Nilifika Chilangala wakati wa kukusanya korosho, uwanja mzima umeanikwa, na Somoe anakimbia katikati yake, nywele zinaanza kuota kama majani baada ya mvua ya kwanza. Aliponiona alijificha nyuma ya mjomba wake, kwa sababu mimi kwake nilinukia sindano. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba. Leo Wayao wamepotea njia?" "Nimewaletea nyama ya ng'ombe, msije mkanipikia panya." "Panya hatuwapi watu wasio na shukrani," akasema, akanipa kigoda. Tukala kwanza. Ukitaka kusema jambo zito Newala usiliseme na njaa. Maji ya kunawa yalimiminwa kidogo kidogo, kwa sababu juu kule maji ni shida, na hata hapo sikuacha kuwasema.

Kisha nikaanza, na nilianza kisomi, maana ndivyo nilivyojiandaa njiani. Nilimwambia uboho ni kama kitalu cha miche. Humo kuna chembe zinazoitwa seli shina, ambazo ndizo mama wa damu yote. Kila siku zinagawanyika, zinazaa damu mpya. Somoe alipokuwa tumboni, moja katika hizo iligawanyika vibaya, ikajichukulia zaidi ya fungu lake. "Hakukuwa na mgeni, Mjomba. Ni mwenyeji mmoja aliyejinunulia ndala nyingi, na wanawe wote wakamuiga. Hajatoka kwa bibi, hajatoka kwa mama, hajatoka kwa baba. Alianzia mlemle mfupani." Nikamwambia dawa imefyeka miche yote mibaya inayoonekana, lakini mmoja tu ukibaki umejificha, utazaa tena. "Wewe mkorosho ukishikwa na ugonjwa wa ubwiriunga, unapuliza dawa ya salfa mara moja ukaacha?" Watu wote uwanjani wakageuka kumtazama. Nilijiona nimeshinda. Mzee Selemani aliichezea korosho moja kidoleni. "Sipulizi mara moja," akasema. "Napuliza mpaka maua yatengeneze korosho. Lakini mkorosho, mwanangu, hauniiti jina nikiupuliza."

Hakuna stashahada yenye jibu la hilo. Kuku walikuwa wanadonoa chini ya kigoda changu, na Mama Somoe alikuwa mlangoni pa jiko, mwiko mkononi, hatikisiki. Kaka yake akalainisha sauti, kama anayenisaidia kuondoka kwa heshima. "Nenda kapumzike. Nyie Wayao zamani mlipanda huku kuja kuteka watu, babu zetu wakajificha vichakani. Leo mnakuja na koti jeupe. Maendeleo." Uwanja mzima ukacheka, na mimi nikacheka, na katikati ya kicheko kile nikaona mlango. Mtani ana haki yake. Akishika kitu cha mtani wake na kusema ni changu, hakasirikiwi, na kitu hakirudi mpaka kikombolewe. Anayekataa anajivunjia heshima yeye na ukoo wake. Watu hushika kuku, kofia, baiskeli. Nilisimama, nikavua mtandio wangu wa kijani, nikamfuata Somoe alipokuwa amechuchumaa kwenye korosho, nikamfunga mtandio ule kwenye kifundo cha mkono.

"Umesema kweli, Mjomba. Wayao hatujaacha. Nimeshateka. Huyu ni wangu, na kesho natelemka naye."

Kicheko kikakatika kidogo, kisha kikarudi kwa nguvu zaidi, maana hakuna aliyewahi kuona mtani ameshika mtoto. Bibi mmoja mwenye chale usoni akapiga vigelegele. Mzee Selemani alitikisa kichwa akitabasamu, lakini macho yake hayakutabasamu, alielewa nilichofanya. "Haya. Anakombolewa kwa kitu gani?" Hapo nilitaja kitu cha kwanza kilichonijia, kwa sababu kiwango kikubwa mno kingeonekana chuki. "Jogoo mweupe." Nilipokwisha kutamka nikaona kosa langu. Katikati ya uwanja, juu ya rundo la makuti, alikuwa amesimama jogoo mweupe, mkubwa, kilemba chekundu, amejaa kiburi kama mimi. Mzee Selemani akamwona vilevile. Akamgeukia dada yake taratibu. "Mama Zainabu, mkamate jogoo umpe mtani."

Mama Somoe hakusogea. "Jogoo mweupe hatuna," akasema.

"Hatuna? Na yule?"

"Yule tetea."

Na jogoo, kana kwamba ameitwa shahidi, akanyoosha shingo akawika. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mama Somoe alikuwa anamtazama kaka yake machoni, mwanamke ambaye miezi yote ile sikuwahi kumsikia akimpinga hata juu ya chumvi. "Tetea wetu huwa anawika," akasema. Sijui Mzee Selemani aliona nini katika uso wa dada yake. Najua alitazama chini, akavua kofia kama alivyokuwa akiivua kwenye ule ukuta wa hospitali, akaishika. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka machozi, na watu wote wakamfuata. "Basi hatuna jogoo," akasema alipoweza. "Chukua mateka wako, Myao. Lakini kumshika kwenye sindano nitamshika mimi. Wewe mikono yako ya kuteka, siyo ya kubembeleza."

Akamshika. Matibabu yote, mpaka mwisho, kila ilipotakiwa, alipanda basi. Na kila mara mtu wa ukoo alipoanza kusema mtoto sasa ni mzima, apumzishwe, Mama Somoe alijibu kwamba yeye hana la kusema, mtoto si wa kwao, ni wa mtani, hajakombolewa. Nilimwuliza siku moja Mbagala, tunachekecha unga, kwa nini hata baada ya madaktari kusema imetosha hakuniletea jogoo. Akasema, "Muache akae kwako kidogo." Kidogo hicho kikawa miaka. Binti akamaliza shule, akaolewa Tandahimba, mimi nikarudi Masasi na hadubini yangu, na bado alikuwa mateka.

Mwaka jana alijifungua mtoto wa kike. Alikuja na mtoto maabara, akakaa kwenye kile kiti cha kutolea damu, mbele ya stashahada, wala hakuitazama. Alikuwa ananitazama mimi. "Mtani, na huyu?" Nikajua anauliza nini. Nikamwambia kilichompata hakikuwa katika mwili wake wote, kilikuwa katika seli shina moja na vizazi vyake, na vizazi vile tulivimaliza. Hakina njia ya kumfikia mwanawe. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Alipofika Chilangala na habari hiyo, Mzee Selemani, ambaye alikuwa ameshaanza kuumwa, alimpakata mtoto na kusema aitwe Somoe. Jina alilolifuta yeye, akalirudisha yeye.

Juzi ilikuwa arobaini yake. Nilivaa kofia na koti la marehemu, nikatembea mwendo wake wa kuburuta mguu wa kushoto, nikawaamrisha watu wapulize salfa kwenye pilau, mpaka wajane wake wenyewe wakashika mbavu. Dua ilipokwisha Mama Somoe akatokea nyuma ya nyumba. Amezeeka. Kwapani alikuwa amebana jogoo mweupe. Waliokuwapo siku ile walianza kucheka kabla hajafika. Wengine wakauliza kuna nini. "Mtani," akasema, "nimempata."

Nikambinya jogoo kifuani, nikasema ni mwembamba, nikasema Wamakonde hata kwa binti yao ni mabahili. Kisha nikamwuliza, "Miaka yote hii ulikuwa unamtafuta?"

"Alikuwa hapatikani," akasema. Akamtazama binti yake, na mtoto aliyelala mgongoni, kwa utulivu, kama mtu anayeangalia shamba lake lililokwisha kupaliliwa. Binti akasogea akanyoosha mkono. Kifundoni alikuwa ameufunga ule mtandio wangu wa kijani, umepauka, sikujua kwamba waliutunza. Niliufungua.

Sasa jogoo yuko hapa maabara, amefungwa kwenye mguu wa benchi la wagonjwa, anachafua sakafu yangu ya vigae. Wateja wanauliza namuuza au namchinja. Nawaambia huyo si wa kuuzwa wala kuchinjwa, akae alipo. Akinyoosha shingo na kuanza kuwika nikiwa na jicho kwenye hadubini, namwambia bila kugeuka, "Nyamaza, tetea wewe."